Niliandika "Tangawizi", Jumamosi Wanakata Mianzi

Shikamoo Shangazi Zaituni,

Nakuandikia kwa mwanga wa simu, ukiona herufi zimepinda usinicheke, nina siku nane kila bodaboda ikisimama nje nadhani wamekuja kuniita. Nakuomba unisaidie mawazo, ila jina langu usiliweke, tafadhali sana, huku kijijini Mamba tunajuana.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na sita, nalima tangawizi na wazazi wangu, na mwaka juzi walikuja watafiti wa wadudu kutoka chuo kikuu wakanichagua niwe mkusanyaji wao, wakanifundisha kutumia lenzi, kuhifadhi vidudu kwenye chupa za spiriti, na kila chupa kuiwekea kikaratasi kinachosema mahali, tarehe, na mmea nilipomkuta mdudu. Toka siku hiyo watu wananiita Mtaalamu, hata wazee, na Shangazi sitakudanganya, jina hilo nimelipenda mno.

Basi mwezi wa saba nilikwenda kwenye mianzi ya mama yangu wa ubatizo, nimwite Mama Ernesta ingawa si jina lake, ni mjane, mianzi hiyo aliipanda marehemu mumewe kwenye ukingo ulio juu ya nyumba yao ili udongo usiteremke, na ndiyo anayosukia matenga ya kubebea tangawizi. Kawaida tunatandika shuka jeupe chini, tunatikisa mianzi, tunaokota kinachoanguka, lakini siku ile shuka nililisahau nyumbani na kilima cha kurudi ni kikali, nikaona uvivu, nikatikisa hivyo hivyo, vikaanguka vidudu vinavyorukaruka, vidogo kama punje ya mchele, vikatua kwenye tangawizi iliyo chini ya mianzi, nikaviokota juu ya majani, na kwenye kikaratasi nikaandika "kwenye tangawizi". Nikajiambia si uongo, si ndiko nilikoviokota?

Kumbe miezi hiyohiyo tangawizi za watu zinaoza, unang'oa shina unakuta tunguu limelegea linanuka, watu wanalia, na kwenye mkutano wa kitongoji mwenyekiti wetu Mzee Rodrick akasimama akasema, "Mtaalamu wetu yupo hapa, tumesikia amepata mdudu kwenye tangawizi, atuambie ndiye huyu anayetumaliza?" Watu wote wakageuka wakanitazama, Shangazi, na mimi badala ya kusema sijui nikasema inawezekana, akasema sema kwa sauti, nikasema ndiyo. Mtu mmoja akauliza mdudu huyo analala wapi, nikajibu mianzini. Nilikuwa sijakaa hata vizuri, wakaamua msaragambo, yaani kazi ya wote, Jumamosi hii pembe ikipigwa kila nyumba itoe mtu na panga, mianzi yote ikatwe na mashina yachomwe, waanze na ya Mama Ernesta maana ndiyo mingi.

Jumapili iliyopita Daktari Anderson, yule mtafiti aliyepelekewa chupa zangu, akanitumia ujumbe mrefu ana furaha, anasema vidudu vile huenda ni jenasi mpya kabisa, yaani ukoo mzima ambao bado haujaandikwa mahali popote, uso wao mpana wenye matuta mawili na ule mwiba bapa kwenye mguu wa nyuma vinawaweka kwenye kundi la wala mianzi, lakini jambo moja linamsumbua, kwenye kundi hilo hajawahi kusikia hata mmoja anayekula tangawizi, je, niliona tunutu wao, wale wadogo wasio na mabawa, kwenye tangawizi? Maana anataka kuandika chakula chao kwenye maelezo ya jenasi. Sikuona, Shangazi. Tunutu wote nimewaona mianzini, tena ni wengi, tangawizi hawaigusi. Sijamjibu mpaka leo.

Na mvua za vuli zimebaki wiki mbili, mianzi ikitoka ukingo ule utateremka, na nyumba iko chini yake. Nimepita pale juzi mchana nikakuta kila shina limeshapigwa alama ya panga. Mbaya zaidi watu wameanza kunong'ona kwamba yule bibi alijua, kwamba amewafuga wale wadudu makusudi ili auze matenga peke yake, na maneno ya namna hiyo juu ya mwanamke mzee anayeishi peke yake wewe unajua yanakoishia. Nikaingia kwake nikiwa nimejipanga kusema yote, akanikaribisha chai, akanishika mkono akasema, "Mwanangu, wengine wangesema nisingekubali. Kwa kuwa umesema wewe, nitawashikia kamba ya kuiangushia mwenyewe." Nikanywa ile chai nikaondoka.

Nikisema ukweli watanifanya nini? Wameshaacha palizi, wameshanoa mapanga, na wenye hasira ni wengi. Nikinyamaza ndiyo sitaki hata kuwaza. Nifanyeje?

Mwenye hofu, Mamba

*

Marahaba mwanangu.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, chai ikapoa. Hofu yako naielewa, kundi la watu wenye mapanga na mazao yaliyooza si la kuchezea, na wewe ni binti mmoja. Pole. Pole nimeshaitoa, sasa nisikilize.

Unasema ulikosea. Kwenye kikaratasi ulikosea, hilo nakupa, uvivu wa kurudia shuka ni uvivu ninaoujua hata mimi. Lakini mkutanoni hukukosea, binti. Mkutanoni ulikuwa unajua umetikisa nini na kimeanguka kutoka wapi, ukatazama nyuso zile, ukaogopa kuonekana hujui. Huo ni uongo, na kilichoupalilia ni ule utamu wa kuitwa Mtaalamu. Mdudu akikaa kwenye jani hajala jani! Mbona ukikaa kwenye benchi la kanisa hatusemi unatafuna mbao? Hilo ulifundishwa, na wewe ndiye pekee hapo kijijini uliyefundishwa.

Na ile chai ndiyo imenikera kuliko vyote. Khaa! Umeinywaje?

Basi. Leo hii, si kesho, nenda kwa huyo mama kabla ya mtu mwingine yeyote. Usianze na machozi, yeye ndiye mwenye haki ya kulia. Mwambie: mama, mianzi yako haina kosa, mimi ndiye niliyesema nisilolijua. Akikufukuza, toka ukae uani mpaka akuite. Ukitoka hapo umpitie mchungaji wako na bwana shamba, muongozane watatu kwa Mzee Rodrick. Peke yako usiende, mimi si mjinga wa kukutuma peke yako. Bwana shamba aseme anachokijua kuhusu kuoza kwa tangawizi, mbegu yenye ugonjwa na maji yanayotuama, hiyo ni kazi yake na angeulizwa yeye tangu mwanzo. Wewe beba lenzi. Usihutubie. Wape wenyewe, waingie mianzini watafute tunutu, kisha waingie kwenye tangawizi watafute tunutu. Mwenye hasira zaidi ndiye umpe kwanza. Na mama huyo asilale pale kwake wiki hii, alale kwenu, mama yako mzazi akamchukue mchana kweupe watu wakiona.

Daktari Anderson mjibu kwa mistari miwili. Kikaratasi kile kilicho kwake mwambie asikichane wala kukibadilisha kimyakimya. Neno "tangawizi" lipigwe mstari mmoja, lisomeke bado, pembeni iandikwe "mianzi", tarehe, na jina lako. Jenasi hiyo ikishaandikwa vibaya itasomwa vibaya na watu ambao hata hawajazaliwa, na hakuna kati yao atakayejua kwamba shuka lilisahaulika nyumbani.

Watakufanya nini? Sijui. Labda watakucheka miaka mitatu, labda watakutukana, Mtaalamu hawatakuita tena. Utaishi. Ukingo ukiteremka juu ya nyumba ile hutakuwa na wa kumwambia samahani.

Jambo la mwisho, na hili halitakufurahisha. Gazeti letu linatoka kesho Ijumaa, kwa hiyo majibu haya nakutumia kwenye simu leo Alhamisi asubuhi kabla hayajachapwa, uyasome kabla ya mtu mwingine. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Lakini, mwanangu, Mamba nzima ni wangapi wanaotembea na lenzi shingoni? Magazeti yanapanda huko kesho saa nane mchana na gari la kutoka Same. Atakuwapo mtu wa kumsomea mama yako wa ubatizo ukurasa huu, neno kwa neno. Una saa zako kadhaa za kuhakikisha kwamba akisomewa atasema, "Hayo nayajua, aliniambia mwenyewe."