Neno la Sikioni mwa Bavgai

Jumatatu, 3 Julai

Hili sijamwambia mtu. Mbwa wetu Bavgai alipokufa, Machi, theluji ikiwa bado ipo, mengine yote yalikwenda kama desturi inavyotaka, maana kwetu mbwa akifa huzaliwa tena mtu. Tulimlaza kilimani, kaka Ganzorig akamkata mkia, maana mtu hazaliwi na mkia. Bibi akamtia kipande cha mafuta ya kondoo mdomoni, chakula cha njiani. Mimi nikapewa sikio, nimnong'oneze azaliwe tena mtu. Wakarudi nyuma, wakanipisha.

Nikanong'ona: usiwe mtu. Rudi mbwa.

Sikio lenyewe lilikuwa moja tu. La pili lililiwa na baridi, majirani waliokuwa wakimfuga walipohamia mjini wakamwacha amefungwa kwenye nguzo. Tulipomkuta alikuwa ameitafuna kamba nusu. Nilimleta kwa pikipiki ya kaka, ndani ya gunia, kichwa chake kwapani mwangu. Akanitapikia.

Naandika leo kwa sababu ya jana. Bibi alimtazama wifi Tungalag, mke wa kaka, tumbo linavyoanza kutokeza. Akasema: huyo ni Bavgai, amefika.

Alhamisi, 6 Julai

Mgeni. Mzee Dorligjav, mnunuzi wa sufu. Alisimama mbali, akapaza sauti kama wageni wote: "Shikeni mbwa!"

Nikatoka mbio kumshika. Miezi yote hii, na bado natoka mbio! Nimesimama mlangoni pa hema, mikono wazi.

"Vipi binti, unataka kunishika mimi?"

Walicheka wote. Zamani ilikuwa rahisi — mgeni anaita, nakumbatia shingo ya Bavgai, na hakuna anayengoja niseme neno. Mwenye mbwa mikononi ana kazi. Leo ilibidi nisalimie. Nikamuuliza kama mifugo imenenepa. Akajibu. Nikamuuliza tena.

Shule nimemaliza mwezi uliopita. Mwalimu alisema chuoni nitazoea watu. Labda.

Dorligjav akauliza mbwa wetu yuko wapi. Bibi akamwonyesha wifi kwa kidevu. "Hayuko mbali."

Wifi akatabasamu. Mtoto wa mwaka jana hakuishi. Tangu hapo alikuwa akikamua kimyakimya. Jioni hii amekamua akiimba.

Jumapili, 9 Julai

Mtoto amecheza! Mara ya kwanza. Wifi aliangusha ndoo, maziwa yote chini, na bibi hakumgombeza.

Baadaye wifi alinifuata kwenye zizi la ndama. Alisema anaogopa huyu naye asije akageuka njiani. Alisema Bavgai hakumsikiliza mtu mwingine ila mimi, na hiyo ni kweli. Kaka alimwita mpaka akakauka koo. Mimi niliita mara moja, kwa sauti yangu hii ndogo.

"Basi njoo umwambie tena, wifi yangu. Hapa tumboni. Uliyomwambia kule kilimani."

Bibi alikuwa amesikia. "Maneno yaleyale! Usibadilishe hata moja, utampoteza. Na useme kwa sauti, na sisi tusikie. Hujasema kitu tangu mwaka uanze."

Nimesema nanawa mikono kwanza. Niko nyuma ya hema.

Nikisema yaleyale, nitakuwa nimemwambia mtoto wa wifi asiwe mtu. Tena mbele yake. Nikisema mengine, na kama ni Bavgai kweli, atajua. Na kama ni yeye, basi amekuja kinyume cha nilichomwomba. Lakini Bavgai hakuwahi kuniasi. Hata siku moja.

Hilo ndilo linalonitisha.

Kaka anapiga kelele: "Solongo! Unanawa mpaka mifupa?" Wifi anacheka. Kwa sauti yake, ameshalala chali, ameshafungua joho.

Nimejibu naja.

Wewe unayesoma, kama upo, haya yaishie kwako. Usimwambie bibi. Na ukikutana na wifi njiani, msalimie tu, muulize kama mifugo imenenepa, kisha pita zako.