Sindano Iliyoganda

Jumatano, 22 Januari 2025

Vidole vimekaza tena. Nimeshindwa kufunga vifungo vya sweta. Kesho ni siku ya sindano, ile ya kila wiki mbili ya baridi yabisi. Tangu niianze nachuma chai kama wengine. Zamani hata kikombe nilikishika kwa viganja viwili.

Jumatatu ni mtihani wa mashine ya kuchuma. Atakayeiweza anabaki. Wengine — nyapara Kipkurui anasema tu "tutaona." Tunajua maana yake. Na mimi sirudi nyumbani Nyakach hivi hivi, mwanangu Oyugi akiwa kidato cha tatu.

Alhamisi, 23 Januari

Kutoka shambani nikapitia dukani kwa Chepngeno. Ndiye ananiwekea dawa kwa friji ya soda, maana huku laini, kwenye nyumba za wafanyakazi, hatuna friji. Akaileta anatabasamu. "Mama Oyugi, jana stima ilipotea siku nzima. Iliporudi nikahamisha dawa yako juu kwa barafu, isiharibike."

Dawa ndani ya sindano imekuwa jiwe.

Nikamwonyesha. Yeye akaogopa. "Kwani si dawa ya baridi?" Ni ya baridi, ndiyo. Si ya kuganda. Akataka kuitia kwa maji moto, nikamkataza.

Ijumaa, 24 Januari

Imeyeyuka yenyewe. Nimeiangalia dirishani — safi, haina hata chembe. Jirani yangu Metrine akasema, "Dada, jichome tu. Nyama ikitoka kwa friza si tunakula?" Tukacheka. Vidole vilikuwa vinapiga kama moyo. Nikapangusa paja na spiriti. Nikakaa.

Nikakumbuka ile baridi ya barafu iliyopiga chai kule bondeni. Asubuhi majani yalikuwa kijani, yanang'aa. Wafanyakazi wapya wakataka kuchuma. Siku ya pili yote kahawia, kama yamepitiwa na moto. Jani lilikuwa limekufa, halijaonyesha tu.

Nikairudisha sindano kwa sanduku lake, nikampigia nesi Winny wa hospitali. Amesema ikishaganda haitumiki, hata ikionekana nzima. Niipeleke kwake, nisiitupe takatakani. Na nikipata nyingine nisijichome mbili kufidia. Akauliza kama nina homa, kikohozi au kidonda, kwa sababu nikiwa na maambukizi inabidi nimwambie kwanza. Sina.

Nyingine itapatikana Jumanne. Mtihani Jumatatu.

Jumapili, 26 Januari

Chepngeno amekuja baada ya kanisa na kibuyu cha maziwa ya mursik. Ametenga rafu ya katikati ya friji kwa dawa yangu. "Hapo hata soda ya pasta wetu haikai." Nikamweleza tena: ndani ya sanduku lake, mbali na barafu. Stima ikipotea anipigie, asiihamishe. Akarudia yote kama mtoto wa katekisimu.

Metrine anasema kesho nimeze dawa ya maumivu, nivae glavu, nyapara hataona. Nimelifikiria hilo jioni yote. Hapana. Ile mashine inashikwa na watu wawili, na inatetemeka. Nikiiachilia, meno yake yanamwendea mwenzangu.

Jumatatu, 27 Januari

Naandika nje ya ofisi, kalamu nimeishika kwa ngumi.

Kabla majina hayajaitwa nilimwendea Kipkurui. Nikaweka mikono juu ya meza yake. Nikasema huu ni ugonjwa, una dawa, dawa iliganda, nesi atanipa nyingine kesho. Naomba mtihani wiki ijayo.

Akaiangalia mikono. "Wenzako wanaficha magonjwa, wewe unaniletea mezani."

Nikasema, "Bora uione hapa kuliko uione mashine ikianguka."

"Mama Oyugi, unaniongezea kazi." Akainuka, akaingia kwa meneja, akafunga mlango.

Huko chini mashine zinanguruma. Wanaitwa wawili wawili. Metrine ameshapita, amenipungia mkono kutoka mbali. Niliyepangwa naye amepewa mtu mwingine.

Vyovyote itakavyokuwa, kesho asubuhi niko hospitali.

Kipkurui ametoa kichwa sasa hivi. Ameuliza nesi anaitwa nani, na namba yake, meneja ampigie. Nimemtajia. Amefunga tena mlango.