Stika ya Utando

Jumanne, 3 Machi
Kesho natolewa vivimbe vya kizazi. Vitatu. Watapitia matundu manne, kila moja kama tundu la kifungo. Daktari mpasuaji kanichorea: kidonda kikipona, kizazi kinaweza kunatana na utumbo au mirija, na mirija ikibanwa mtoto hana njia. Kwa hiyo ataweka utando mwembamba juu ya mshono, utayeyuka wenyewe. Nikamwuliza mara mbili: utawekwa? Ndiyo, mama. Nimeandika. Miaka sita tunatafuta mtoto, sitegemei kumbukumbu ya mtu.

Ijumaa, 6 Machi
Niko nyumbani. Bega linauma kuliko tumbo — eti ni gesi waliyonijaza tumboni wapate nafasi ya kupasua. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni nesi wa chumba cha upasuaji na alikuwa zamu siku yangu. Kanisaidia kuoga. "Ndani umependeza kuliko nje, wifi." Nikamwuliza utando. Uliwekwa, stika ya boksi lake imebandikwa kwenye faili kama ushahidi, nitulie. Alijibu haraka mno.

Jumanne, 10 Machi
Kutolewa nyuzi. Nesi wa kliniki kaacha faili mezani, kaenda kutafuta mkasi. Nimesoma. Stika ipo, imenyooka, namba zote. Ukurasa unaofuata, mwandiko wa daktari: damu bado inavuja, kwa hiyo utando haukuwekwa.
Nimepiga picha kurasa zote mbili. Nesi aliporudi akapima mapigo, akauliza nimekimbia wapi.

Jumatano, 11 Machi
Mume wangu anasema natafuta ugomvi kwa hizo picha. Mmoja kakosea kuandika, basi. Basi? Mimi natunza stoo ya vipuri. Kwangu kitu hakiandikwi kimetoka wakati bado kiko rafuni.

Alhamisi, 12 Machi
Nimempigia wifi. Nikamsomea kurasa zote mbili. Akasema: huwa wanafungua boksi na kubandika stika asubuhi, kabla mgonjwa hajapanda mezani, kazi iende. Daktari akighairi, stika inabanduliwa. Siku ile walisahau.
Kwa hiyo sina utando. Daktari aliona damu, akaamua, sawa — lakini mbona hakuna aliyeniambia? Na huyu kaniangalia usoni akasema uliwekwa.
Nikauliza: boksi likishafunguliwa halirudi stoo. Utando ulikwenda wapi?
"Wifi, mambo mengine ya kazini huyaelewi."
Nikamwambia Jumatatu nampelekea daktari zile picha. Nataka kujua mirija yangu itakaguliwa lini. Hapo sauti ikalainika. Nisimwonyeshe mtu kwanza. Anakuja.

Alhamisi hiyohiyo, saa kumi na moja jioni
Kafika na sare ya kazi, hata viatu hajabadilisha. Kanisalimia mlangoni, kaniambia nikalale, mgonjwa hapokei wageni. Niko chumbani, naandika kitandani. Mlango haujafungwa vizuri. Namsikia sebuleni, kwa sauti ya chini, akimwuliza kaka yake simu yangu huwa naiweka wapi.
Mume wangu bado hajajibu.