Mkate Wangu na Chai ya Mama

Jumatano, baada ya Isha

Mama tena! Tangu jana naulea unga uchachuke wenyewe bila hamira, leo nikauoka, yote kwa ajili ya mama na sukari yake. Nilimweleza vizuri kwamba mkate huu haupandishi sukari mbio kama boflo za dukani.

Naenda kuswali, narudi namkuta anauchovya kwenye chai tamu kuliko shira ya kaimati.

"Mama, sukari yote hiyo?"

"Si wewe uliyesema mkate huu ni dawa? Sasa chai itanidhuru nini?"

Sikusema dawa mimi. Nilisema afadhali!

Nikamuomba anionyeshe kile kidonda cha mguuni kisichopona. Akauficha mguu ndani ya leso.

"Kitapona, mwanangu. Si nala mkate wako?"