Kitabu cha Michoro cha Bibi Enesi

Shikamoo Baba,

Huku Igamba baridi inanivalisha sweta mbili, na mikono yangu inanuka kahawa niliyosaidia kuanika asubuhi. Nimefikia kwa Mzee Asheri na mkewe Bibi Enesi, mwalimu mstaafu. Wana kile kitabu cha hekima za kishairi unachokipenda, ila chao ni toleo maalumu: jalada la kitambaa cha kijani, karatasi nzito, na kila shairi lina mchoro wake wa rangi. Sijawahi kushika kitabu kizuri namna hii.

Bibi alikinunua Tunduma mwaka waliooana, kwa sababu mumewe hakujua kusoma. Yeye alikuwa akisoma, Mzee akitazama picha. Sasa Bibi haoni tena. Jana baada ya chakula cha mchana Mzee alikifungua penye mchoro wa watu wawili kando ya mto, akaanza kulisema shairi lote kwa kichwa, polepole, kwa lafudhi yake ya Kinyiha.

Bibi akamkatiza: "Umeruka mstari, mume wangu."

"Huo siupendi. Unasema habari za kuagana."

"Useme tu. Mimi si bado nipo hapa?"

Akausema. Alipoumaliza, Bibi akamshika mkono.

Nimekukumbuka sana, Baba. Ule vizuri, umbusu Mama kwa niaba yangu, na Mungu awatunze wote wawili.

Binti yako,
Rehema