Baba Mkwe Hatoki Kisimani

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa taabani, na umebaki wewe tu, maana hapa kijijini kwetu karibu na Mitole kila mtu anacheka isipokuwa mimi na mzee mmoja. Posa yangu imekubaliwa, mchumba wangu ni Mwahija, na ndoa tulikuwa tuifunge kabla ya mfungo, lakini baba yake, Mzee Likwata, amesema hakuna ndoa mpaka atoke kisimani, na kisima chenyewe hakipo, nimekitunga mimi.

Tangu tuhamie kijiji cha ujamaa, alasiri tukitoka shamba la pamoja tunakaa barazani kwenye duka la ushirika na kucheza mchezo tuliouanzisha wenyewe. Mimi ndiye mtambaji, nasimulia safari ya kutafuta hazina ya Sultani kule Kilwa Kisiwani, na kila mchezaji ni mtu ndani ya hadithi, anasema anafanya nini, na pakiwa na jambo gumu anatupa simbi, yale makombe madogo ya pwani, nami nasema ngapi ziangukie mdomo juu ndipo afaulu. Mwanzoni nilidai moja tu kwa kila jambo, wakawa wanaruka kuta na kuwapiga majini bila jasho, mpaka Bi Ziada, shangazi yake Mwahija, akawa anasuka ukili bila kuinua macho, akasema, "Mwanangu, mtaniamsha tukifika." Nikaona haya, nikakaza, nikawa nadai simbi nyingi kwa kila kitu, na siku hiyohiyo Bi Ziada akashindwa kufungua mlango uliokuwa wazi.

Nikapendekeza basi anayejua kazi fulani atupe simbi nyingi zaidi, lakini Bwana Abdulrahmani, balozi wetu wa nyumba kumi, naye ni mchezaji, akasimama. "Hapa hakuna bwana wala mtwana! Binadamu wote ni sawa! Simbi tano kila mtu!" Tukapiga makofi, hata mimi.

Ndipo wakatumbukia katika kisima cha Sultani, wote isipokuwa Mwahija, aliyebaki juu na kamba. Nikasema kutoka ni simbi nne. Fundi Abdulatifu, mshona nguo wetu, mtu anayeogopa kupanda kiti ili atundike kanzu ukutani, akatupa mara moja akatoka! Balozi na Bi Ziada nao wakatoka baadaye kwa bahati zao. Mzee Likwata, ambaye kabla ya kuhamia huku maisha yake yote alikuwa mkwezi wa minazi pwani, akatupa, zikalala mdomo chini, akatupa tena, zikalala, na kila alasiri anakuja, anatupa, zinalala, na Fundi anamwinamia kana kwamba kweli yuko juu ya kisima, anamwambia, "Mzee, tanguliza mguu wa kushoto, mimi nilifanya hivyo!" Siku hizi Fundi anatembea kijijini mikono nyuma kama mwenye shamba la minazi.

Juzi mzee alisimama, akakung'uta msuli wake, akasema mbele ya watu, "Huyu anayeniacha kisimani ndiye atakayemtunza binti yangu?" Nikamnong'oneza kwamba nitamtoa bure. Akawaka zaidi. "Ukinitoa kwa huruma narudi ndani mwenyewe!" Mwahija alicheka mpaka akashika mbavu, lakini jana amenitumia salamu kwamba kicheko kimekwisha, sanduku lake la nguo amekwisha lifunga, na mfungo hausubiri simbi. Nifanye nini?

Maftaha, Kilwa

Maftaha,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nilitafuta simbi. Niliwaketisha wenzangu wawili wa chumba cha habari, nikawatumbukiza kisimani kwa masharti yako. Mmoja alitoka. Mwandishi wetu wa michezo bado yumo, na ameacha kunisalimu. Kwa hiyo ninachokuambia nimekichunguza.

Mzee wako ana haki. Hakukasirishwa na kushindwa. Mkwezi yeyote anajua mnazi unaweza kumtupa. Amekasirika kwa sababu umemwambia, mbele ya baraza, kwamba mikono yake na mikono ya mtu anayeogopa kiti ni mamoja. Ungemwambia hivyo bila simbi, angekupiga bakora.

Balozi ana nia njema na hesabu mbaya. Usawa ni kila mtu apate zamu yake. Kisima kiwe kilekile kwa wote, simbi nne, kwa kuwa kisima hakimjui mtu. Kinachobadilika ni simbi za mkononi. Penye kukwea, mkwezi atupe saba, fundi nne. Likija tanga la kushona, fundi atupe saba, mkwezi nne. Balozi naye mpe saba penye hotuba, na sheria hii itapita bila mpinzani. Nenda kwake peke yako kabla ya baraza, umweleze, kisha mwache aitangaze kama wazo lake.

Nilijaribu. Kwa simbi tano, nne au zaidi zilitazama juu kama mara moja katika kila mara tano. Kwa saba, karibu nusu kwa nusu, na hapo ndipo watu huacha ukili na kuinua macho. Mwahija akivuta kamba, ongeza ya nane. Kamba bila faida ulimpa ya nini, aanikie nguo?

Tena, usiache hadithi isimame kwa sababu simbi zimelala. Zikilala, mzee atoke lakini kofia yake ibaki chini, au majini wasikie kishindo. Sema hivyo kabla hajatupa. Gharama iliyotajwa mapema si huruma; huruma ni kubadili neno simbi zikiwa zimekwisha anguka, na mzee ataitambua. Wala usirudie kumnong'oneza. Mkwe hanong'onezwi.

Na Bi Ziada! Mwombe radhi leo. Mlango wazi ni mlango wazi. Simbi zitoke mfukoni pale tu ambapo mtu anaweza kushindwa, na kushindwa kwake kukaleta jambo.

Basi mpe mzee simbi zake saba na ya kamba, ufunge mdomo. Akitoka, Fundi atataka kusema kitu, mkanyage mguu. Wewe uliza swali moja tu la mtambaji: "Umesimama juu ya kisima, Mzee Likwata, na binti yako yuko pembeni na kamba. Sasa unaelekea wapi?"

Akijibu, "Nyumbani kwa shehe," usidai simbi. Huo ni mlango wazi.

Mshauri