Mchawi Anayejitetea

Makongeni, Jumanne, 1979

Ati nichome riwaya yangu! Mzee wa kanisa amekuja leo kuniambia mbele ya mama, "Binti, unatetea wachawi."

Nimechukua hadithi ya kale ambamo mchawi huchomwa watu wakishangilia, nikaihamishia Ukambani enzi za mkoloni. Mchawi wangu anajitetea mbele ya baraza. Nyanya yangu, nilivyosikia kwa majirani, alihukumiwa hivyo hivyo, ila yeye hakuruhusiwa kusema neno.

Niliogopa mama angemuunga mkono mzee. Hajawahi kumtaja nyanya tangu nizaliwe.

Mama akaweka kikombe chini. "Mzee, huyo unayemwita mchawi alikuwa mama yangu. Aliitwa Kalondu." Kisha akanigeukia. "Andika jina lake."

Nimeliandika ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa.